Maswali Kwanza au Kifungu Kwanza? Ufahamu wa Makala na Ufahamu wa Hadithi

Nikiwa Kidato cha Tatu nilipata sufuri kwenye swali la alama mbili ambalo sijalisahau. Lilisema: "Taja sifa mbili za mjomba kwa mujibu wa kifungu." Nilikuwa nimeanza na maswali, kama tulivyokuwa tukishauriwa siku zile, kwa hiyo macho yangu yaliingia kifunguni yakimwinda mjomba tu. Nikamnasa aya ya pili. Amekuja na gunia la mchele, amewagawia watoto peremende, na msimulizi anasema hajapata kuona mtu mwenye moyo kama ule. Nikaandika haraka: mkarimu, mwenye upendo. Aya ya mwisho niliipitia mbiombio nikitafuta jibu la swali jingine, na humo ndimo mjomba alimoondoka na hatimiliki ya shamba la marehemu ndani ya koti. Mwalimu hakunieleza mengi. Aliandika kwa wino mwekundu: "Ulifika mwisho?"

Nilikuwa nimefika kwa macho tu.

Sasa ni mimi ninayefundisha tuisheni ya Kiswahili jioni, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: nianze na maswali au nianze na kifungu? Walimu wenyewe wamegawanyika. Kuna wanaoapa kwamba kusoma kifungu kabla ya maswali ni kupoteza muda, na kuna wanaoona kutanguliza maswali ni kama kumkodolea mgeni macho mifukoni kabla hujamwamkia. Mimi naona pande zote mbili zina haki, ila kila upande unafikiria kifungu cha aina yake. Ukiwekewa makala, anza na maswali. Ukiwekewa hadithi, yafunike maswali kwa kiganja na usome kifungu hadi nukta ya mwisho.

Kabla sijaonyesha kwa mifano, tuangalie saa. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, Karatasi ya Pili ya Kiswahili ina alama 80 na muda wa saa mbili na nusu. Ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Ukigawanya dakika kwa alama, ufahamu unastahili dakika 28 hivi. Hizo zinatosha kusoma kifungu mara mbili na kujibu bila kukimbizwa, mradi hujatumia kumi kati yake kurukaruka kutoka swali hadi aya na kurudi. Kwa hiyo anayesema "sina muda wa kusoma kifungu chote" huwa hajapiga hesabu.

Makala: mikoko

Hiki ni kifungu kifupi nilichowatungia wanafunzi wangu.

"Mikoko humea pale ambapo miti mingine ingekufa kwa chumvi. Mizizi yake hushika tope, ikapunguza nguvu ya mawimbi na kuuzuia ufuo usimomonyoke. Katikati ya mizizi hiyo samaki wadogo, kaa na kamba hupata maficho hadi wakomae. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wengi waliiona mikoko kama ghala la boriti na kuni tu. Katika kijiji cha Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakiutunza msitu wao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Mradi huo hujipatia fedha kwa kuuza kiwango cha hewa ya ukaa kinachohifadhiwa na msitu, na fedha hizo hutumika kwa maji, shule na mahitaji mengine ya kijiji."

Maswali: (a) Eleza faida tatu za mikoko kwa mazingira (alama 3). (b) Mtazamo wa watu kuhusu mikoko umebadilika vipi? (alama 2). (c) Eleza maana ya neno "ghala" kama lilivyotumiwa katika kifungu (alama 1).

Anayetanguliza maswali anaingia kifunguni na kapu lenye vyumba vitatu. Anajua anatafuta faida, na si faida zozote bali za mazingira. Kwa hiyo akifika kwenye boriti haokoti, na akifika kwenye fedha za maji na shule haokoti. Anaokota tatu tu: kupunguza nguvu ya mawimbi, kuzuia mmomonyoko wa ufuo, na kuwapa viumbe wa baharini maficho. Anayesoma kifungu kwanza bila kujua ataulizwa nini hubaki na picha ya jumla kwamba mikoko ni kitu kizuri chenye manufaa mengi. Akiona "faida tatu" anaandika tatu za kwanza zinazomjia kichwani, na mara nyingi moja kati yake ni pesa. Alama imekwenda.

Makala huvumilia kuwindwa kwa sababu mwandishi wake amekwisha kukupangia vitu. Hoja moja, sentensi moja au aya moja, halafu inayofuata. Na panapokuwa na kona, ameweka kibao: "hata hivyo", "kwa upande mwingine", "licha ya hayo", "kutokana na hilo". Hapa jibu la (b) linaanzia kwenye "hata hivyo": zamani mikoko ilikuwa boriti na kuni, sasa ni mali inayotunzwa ikiwa imesimama. Ninawaambia wanafunzi wayazungushie maneno hayo duara kwa penseli hata kabla ya kupigia mstari kitu kingine chochote.

Swali la (c) huwaangusha wanaojua Kiswahili vizuri. Wanaandika "jengo la kuhifadhia nafaka". Kamusi inawaunga mkono lakini kifungu hakiwaungi. Lirudishe jibu lako mahali pa neno usome: "waliiona mikoko kama jengo la kuhifadhia nafaka la boriti na kuni tu". Limekataa kukaa. Jaribu "chanzo" au "hazina": limekaa.

Hadithi: Mzee Faraji

Sasa hiki cha pili, nacho nimekitunga mwenyewe.

"Mzee Faraji aliposikia honi aliinuka, akaikung'uta kanzu, kisha akaketi tena. Lilikuwa basi la saa nne. Yeye alikuwa akingojea la saa tano. La saa tano lilipofika aliinuka tena na kuwahesabu walioshuka: mama na mtoto, mchuuzi wa mitumba, kijana mwenye redio. Utingo akafunga mlango. 'Leo barabara ni mbovu,' mzee alimwambia muuza kahawa. Muuza kahawa aliitazama lami iliyonyooka kama rula, ikimetameta juani bila shimo hata moja. Akaijaza tena finjani ya mzee. 'Mbovu sana, mzee wangu,' akasema. 'Kama jana.' Hakudai pesa."

Maswali: (a) Barabara ilikuwa katika hali gani? Thibitisha (alama 2). (b) Kwa nini muuza kahawa alikubaliana na mzee? (alama 2). (c) Je, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mzee kungoja hapo? Toa sababu (alama 2).

Niliwahi kuligawa darasa langu mafungu mawili. Fungu moja lilipewa maswali kwanza, jingine kifungu kwanza. Lile la maswali kwanza lilifanya kile nilichofanya mimi kwa mjomba. Lilikuwa linawinda neno "barabara", likalikuta kinywani mwa mzee, na zaidi ya nusu wakaandika: "Barabara ilikuwa mbovu. Mzee Faraji alisema leo barabara ni mbovu." Wamejibu, wamethibitisha, wamenukuu, na wamekosa. Barabara ilikuwa nzuri: lami imenyooka na haina shimo. Mzee ndiye aliyehitaji iwe mbovu, ili asiyeshuka awe amecheleweshwa na njia, asiwe ameamua tu kutokuja.

Fungu la pili halikuwa na werevu kuliko la kwanza. Lilichokuwa nacho ni hadithi nzima kichwani kabla ya kuulizwa chochote. Lilikuwa limeshakutana na "kama jana", na ukishakutana na maneno hayo mawili huwezi tena kuisikia ile "mbovu" kama ulivyoisikia mwanzo.

Makala inaweza kusomwa vipandevipande na kila kipande kikabaki na maana yake. Sentensi kuhusu samaki haibadiliki kwa sababu ya sentensi kuhusu fedha. Kwenye hadithi, mstari wa mwisho hurudi nyuma ukaubadilisha wa kwanza. Huwezi kuokota jibu la aya ya kwanza kabla hujajua aya ya mwisho imeitenda nini.

Isitoshe, anayesema nini ni sehemu ya jibu. Kwenye makala sauti ni moja, ya mwandishi, na kwa kawaida unaweza kumwamini. Kwenye hadithi kuna msimulizi, kuna mzee, kuna muuza kahawa, na kila mmoja ana sababu zake za kusema anachosema. Ukiulizwa hali ya barabara, usimwulize mzee. Mwangalie msimulizi anapoielezea lami.

Unachokijua wewe: kiache nje au uingie nacho?

Hapa pana jambo ambalo sisikii likizungumzwa sana, nalo ndilo ninaloliona kuwa tofauti kubwa kuliko zote.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyetoka Lamu. Kuhusu mikoko alijua mengi kuliko mimi: ni mti gani hutoa boriti nzuri, magome yapi hutoa rangi, mahali gani kaa hukaa maji yakitoka. Kwenye swali la faida tatu aliandika tano, na mbili kati yake hazikuwamo kifunguni. Zilikuwa kweli tupu, na hazikumpa kitu. "Kwa mujibu wa kifungu" maana yake ni kwamba unayoyajua wewe yasubiri mlangoni. Kadiri unavyoijua mada ndivyo hatari inavyoongezeka, kwa sababu kichwa hujaza mapengo bila kukuomba ruhusa.

Mwanafunzi huyohuyo alipopewa Mzee Faraji aliwashinda wote. Kwenye (b) wengine waliandika kwamba muuza kahawa alikubali "kwa sababu barabara ilikuwa mbovu kweli" au "kwa sababu alimwogopa mzee". Yeye aliandika: "Hakutaka kumwaibisha mzee. Alijua anayengojewa haji." Nilipomwuliza amelitoa wapi, akanijibu kwamba kwao barazani kuna mzee kama yule na watu hufanya vivyo hivyo. Hakuna sentensi kifunguni inayosema muuza kahawa alimhurumia mzee. Kuna finjani iliyojazwa tena na pesa ambazo hazikudaiwa, na ni lazima uwe umeishi na watu ili uyasome hayo. Mpaka wake ni kwamba ulichokileta kutoka nje lazima kishikwe na kitu kilichomo ndani: "hakudai pesa", "kama jana". Kikikosa pa kushikiliwa, umetunga hadithi yako.

Kuandika jibu

Kwenye makala jibu huwa fupi na lenye kuhesabika. "Taja" inataka orodha; "eleza" inataka hoja na maelezo kidogo; alama tatu ni hoja tatu, si mbili zilizorefushwa. Tumia maneno yako lakini usiyaguse majina ya vitu: mizizi ibaki mizizi, ufuo ubaki ufuo. Wanaojaribu kuonyesha ufundi wa msamiati hapa hubadilisha "ufuo" ukawa "bandari", na maana ikaharibika.

Kwenye hadithi jibu lina miguu miwili: unadai nini, na nini kifunguni kinakufanya udai hivyo. Swali lenye alama mbili karibu kila mara linagawanyika hivyo hata lisiposema "thibitisha". Mfano wa (c): "La, si mara ya kwanza. Muuza kahawa anasema 'kama jana', kuonyesha kwamba hata siku iliyotangulia mzee alingoja asipate mtu." Basi. Usiandike aya.

Makosa ya sarufi na hijai huadhibiwa kwenye aina zote mbili, na inauma kupoteza alama ya jibu sahihi kwa sababu umeandika "alikubari". Maana ya neno nayo itolewe kwa umbo lile lile lililomo kifunguni: ukiulizwa "wakomae", jibu ni "wawe wakubwa", si "kukua".

Maswali ya chaguo nyingi, kama yale ya KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6 nchini Kenya, hayabadilishi msimamo wangu ila kwa nukta moja. Kwenye hadithi, ficha A hadi D, jibu kichwani mwako, kisha ufunue utafute linalofanana na lako. Chaguo hupangwa na mtu anayejua utaliona neno "mbovu", na moja kati ya manne litakuwa linakungojea hapo.

Utajuaje umepewa kipi?

Karatasi haikuambii "hii ni makala". Lakini Kiswahili chenyewe kinakuambia ndani ya sentensi mbili za kwanza, ukitazama vitenzi. Makala hupenda "hu-" na "-na-": mikoko humea, mizizi hushika, mradi unasaidia. Hadithi hutembea kwa "-li-" na "-ka-": aliinuka, akaikung'uta, akaketi. Ukiona mtu mwenye jina akifanya kitendo kimoja wakati mmoja, funika maswali. Ukiona jambo la jumla likielezwa jinsi lilivyo siku zote, nenda kwenye maswali.

Dalili hii ina mipaka yake. Makala ya historia nayo hutumia "-li-", lakini utaikuta imejaa miaka na majina ya mahali, na hapo maswali kwanza ni sawa. Tawasifu ndiyo inayonisumbua. Ni ya kweli, kwa hiyo walimu huiweka fungu moja na makala, lakini mtu anayesimulia utoto wake hupanga mambo kama mtunzi wa hadithi: huficha, hukawiza, hurudi nyuma. Mimi huisoma kama hadithi. Makala ya kejeli vilevile, yale ambayo mwandishi anawasifu viongozi hadi unaanza kumshuku. Ukiyasoma ukiokota hoja utaokota sifa, ilhali alikuwa anasema kinyume chake.

Hotuba na mahojiano, maswali kwanza. Shairi liko mbali zaidi na hadithi: lisome mara mbili, mara moja kwa sauti ya moyoni ili upate mizani, ndipo uyaendee maswali. Ufupisho, hata usifikirie: maswali kwanza, kwa sababu idadi ya maneno na aya unazotakiwa kufupisha zimo kwenye swali.

Na kwa wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo, sehemu ya kusoma ya IELTS ya Academic, mtihani wa Kiingereza, ina vifungu vitatu na maswali 40 kwa dakika 60, vyote vikiwa ni makala. Huko maswali kwanza si ushauri tena, ni kunusurika. Ina pia aina ya swali linalokutaka useme kauli fulani ni kweli, si kweli, au haikutajwa, na hilo la "haikutajwa" ndilo lingemkamata yule mwanafunzi wangu wa Lamu mchana kweupe.

Kama bado huniamini

Wapo watakaosema kubadilisha njia kutegemea kifungu ni kujichanganya, heri kushika moja na kuizoea. Kwa mwanafunzi anayesoma polepole sana ninakubali nusu: ashike kifungu kwanza kila mahali, kwa sababu kwenye makala hasara yake ni dakika chache, lakini maswali kwanza kwenye hadithi yatamgharimu alama zenyewe. Wengine wote, jaribuni. Chukua makala moja gazetini, Taifa Leo au lolote ulilo nalo, na hadithi fupi moja yenye kurasa mbili. Mwombe mwenzako akutungie maswali matano kwa kila moja. Jibu makala kwa kuanza na maswali na hadithi kwa kuanza na kifungu, ukiandika muda pembeni. Wiki inayofuata tafuta vifungu vingine viwili ugeuze. Usitazame dakika peke yake. Tazama ni maswali gani umeyakosa, na kama jibu lake lilikuwa limekaa kwenye mstari ambao hukuufikia.

Ule mtihani wa mjomba ninao hadi leo, umekunjwa mara nne ndani ya kamusi. Kila muhula mpya huusoma mbele ya darasa bila kusema ni wa nani, nikiishia kwenye peremende. Kisha nauliza: mjomba ni mtu wa aina gani? Mikono huruka juu.